Masale ya Ukingoni

Nyumbani, Machame
9 Februari 2025

Mdogo wangu Elimringi,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo siku hizi yanaijua mvua kabla ya redio. Ng'ombe amezaa jike, na binti yako Pamela amempa jina la Holili kwa sababu ana wekundu wa vumbi la huko kwenu. Shuleni anaendelea vizuri. Ulipomleta akae na bibi yake nilidhani atalia wiki nzima. Sasa anayelia ni bibi, kila jioni mtoto akichelewa kukata majani. Usiku wanagombania blanketi kama wake wenza.

Ningekupigia simu kama watu wengine wanavyopigiana. Lakini tangu Krismasi umeifungia namba yangu, ukasema mambo ya kihamba, shamba letu la urithi, yaandikwe, kila mtu abanwe na maneno yake. Haya, nimeandika. Jirani yetu Kornelia anateremsha ndizi Himo siku za soko, na pale atampa dereva wa gari la Holili. Ukiona bahasha inanuka ndizi mbivu, ujue imepita mikono salama.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana mfongo wa juu, ule mfereji wa maji wa mababu, ulipopasuka, maji yalibomoa mazizi na kubeba mbuzi, tukashukuru kwamba ni mbuzi. Wakaja wataalamu kutoka Moshi mjini, wakatufundisha, tukaunda kamati ya maafa ya kijiji. Mwenyekiti ni mimi, usicheke. Kengele ya kanisa ikigongwa mfululizo, watu wote wakimbilie uwanja wa kanisa. Njia ya zamani ya kwenda kanisani inapita ukingoni mwa korongo, na tope likishuka litaanza na korongo. Njia salama ni moja tu: inakata katikati ya kihamba chetu, ndani ya kahawa, hadi juu.

Tulisimika vijiti tukavipaka rangi nyekundu. Havikumaliza wiki. Vingine vilifungiwa mbuzi, vingine vilipikia maharage. Ndipo Mzee Eliakim akasema tupande masale, mmea wetu wa mipaka na wa kuombea msamaha, maana hakuna mtu mlima huu atakayethubutu kung'oa isale lililopandwa. La kwanza amelipanda kwa mkono wake. Sasa kila Jumamosi watoto wanafanya mazoezi wakiwa wamefumba macho, kwa sababu unaujua ukungu wa kwetu ukishuka: hata kidole chako hukioni. Wanashika isale moja, wanapapasa, wanashika lingine, mpaka kanisani. Pamela ndiye mwepesi kuliko wote. Anawafundisha wadogo: "Shika isale, usiachie mpaka ushike lingine."

Najua mtu akiona masale katikati ya shamba anaona mpaka. Ndiyo maana nimekuandikia mapema, kabla wenye midomo hawajakufikia. Siyo mpaka, ni njia. Kihamba ni chako. Baba alikuachia wewe mtoto wa mwisho, sijasahau, na wewe hujawahi kuniacha nisahau.

Dada yako,
Winfrida

*

Holili
2 Machi 2025

Dada Winfrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama pia. Sisi huku tunasukuma siku. Malori yamejaa mpakani, na kila mwenye mzigo anataka wa kwake utoke kwanza. Victoria anakusalimu, duka lake linakwenda. Anauliza kama mtoto anakula vizuri. Mwambie Pamela baba yake anajivunia masomo yake, na Pasaka nitamletea kitu.

Sasa nije kwenye jambo. Barua yako ilichelewa, picha ilitangulia. Nimetumiwa kwenye kundi la ukoo. Nimemwona Mzee Eliakim, mkubwa wetu, ameinama na isale mkononi katikati ya kihamba cha Baba, na wewe umesimama pembeni na kanga mpya, unacheka. Mimi ni Mchagga, dada. Sihitaji mtu wa kunisomea picha ile. Mkubwa wa ukoo hainamii shamba la mtu kwa ajili ya mchezo wa watoto. Pale mmekigawa.

Ulirudi nyumbani na begi moja na mdomo uliomshinda mumeo. Nilikupokea. Nilikupa nyumba ya nyuma ukae, sikukupa ardhi. Leo unaniletea maafa, kesho utaniletea hati. Mfongo ule ulikuwepo tangu babu, na Baba alikaa hapo maisha yake yote, hakuwahi kukimbia mvua na kengele juu.

Nimekwisha kutuma watu wawili kutoka Himo. Watayang'oa masale hayo na kuyapanda kwenye mpaka halisi, ukingoni mwa korongo, kuanzia mlangoni kwa Mama hadi mwisho wa shamba, ili kila apitaye ajue pa Baba panaishia wapi. Nimechukua watu wasio wa ukoo makusudi. Wa ukoo wangeanzia jikoni kwako kunywa chai.

Usiyaguse. Ukiyagusa nitajua nilichodhani ni kweli.

Mdogo wako,
Elimringi, mwenye kihamba

*

Nyumbani, Machame
16 Machi 2025

Elimringi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama anaendelea. Ndama naye anaendelea. Pamela amepata jino la mbele, sasa anacheka bila kuziba mdomo.

Watu wako walifika kabla ya barua yako. Mimi nilikuwa Moshi mjini kwenye mafunzo ya namna ya kukaa na mtu aliyefikwa na msiba. Mama alikuwa barazani. Walimwambia wametumwa na mwanawe, akafurahi, akawapikia chai. Kwa hiyo hata hao wa Himo wamekunywa, usidhani umeokoa majani.

Masale yameshika vizuri. Isale hata ulichomeke vibaya linaota. Yanaanzia mlangoni kama mwanzo, ila badala ya kupanda kwenye kahawa yanakata kushoto, yanafuata ukingo. Pale kwenye kona, ambapo ardhi ilimong'onyoka mwaka jana na chini yake pamebaki shimo, wamepanda pia. Kwa mtu anayeona ni mpaka mzuri, umenyooka. Kwa mtoto aliye ndani ya ukungu ni njia.

Nilimwendea Mzee Eliakim jioni ile ile. Alikuja akatazama, akatingisha kichwa. Akasema alipanda njia, lakini sasa mwenye shamba amepanda mpaka, na masale ya mpaka hayang'olewi mpaka ukoo ukae na mwenye shamba akiwepo. Nikawageukia wanawake wa kamati. Wakaniambia, Winfrida, tutabeba mawe na wewe, tutachimba mitaro na wewe, lakini kwa hilo tusamehe. Ndiyo mlima wetu huo. Tulichagua isale kwa sababu hakuna atakayeling'oa, na kweli hakuna. Kikao kimewekwa Jumamosi baada ya Pasaka. Mvua haijaambiwa tarehe ya kikao.

Kwa hiyo nakuomba mstari mmoja tu. Andika: "Naruhusu masale yarudishwe njiani." Weka sahihi. Mzee amesema akiuona huo hatasubiri kikao. Mimi nitaongeza chini yake kwamba sidai hata shina moja la mgomba. Ukitaka nitoke nyumba ya nyuma nitatoka, begi lenyewe bado ninalo.

Watoto nimewakataza kuyashika. Jumamosi iliyopita Pamela alikuwa anawafundisha wadogo kusahau, yeye na Esther wa Kornelia, na kusahau ni kugumu kufundisha. Mguu unaenda wenyewe, mkono unaenda wenyewe. Baadaye akaniuliza, "Shangazi, kwa hiyo masale ya baba ni ya kuangalia tu?" Nikamwambia ndiyo, ya kuangalia tu.

Mstari mmoja, mdogo wangu. Kornelia anaenda Himo kila wiki, mpe dereva tu.

Dada yako,
Winfrida

*

Holili
6 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa upande wa Kenya kwa kazi, barua yako imenisubiri mezani. Tuko salama. Huku joto limezidi hata mbwa hawabweki.

Mstari mmoja ndio watu wanaoibiwa nao mashamba. Nimeona wengi hapa mpakani waliotia sahihi mstari mmoja. Sitaandika. Nitakuja Jumamosi baada ya Pasaka na mwanasheria wangu, na kama kuna la kuruhusu nitaliruhusu mbele ya watu, kwa mdomo wangu. Mpaka siku hiyo asiyaguse mtu.

Usinitishe na mtoto. Mtoto anaambiwa usipite pale, hapiti. Kama wewe umeshindwa kumwambia, sema nimchukue.

Kornelia atakuletea viatu vya Pamela vya Pasaka, vyeusi, vya mkanda. Mwambie asivivae kabla ya sikukuu.

Elimringi

*

Holili
8 Juni 2025

Dada Winfrida,

Shikamoo. Sina habari za kukupa. Tangu tumzike Pamela sijashika kalamu isipokuwa kwenye makaratasi ya mizigo. Victoria hapiki, hafungui duka. Anakaa kitandani na sweta la mtoto la shule.

Nimefikiri sana na nimeona nikuandikie kama mwanamume. Tope lilishuka Jumanne kabla ya Pasaka, asubuhi, siyo usiku watu wamelala. Kengele iligongwa. Kijiji kizima kilifika kanisani, wazee kwa vijana, hata mbuzi wa Mzee Eliakim walifika. Aliyekufa ni mmoja tu, naye ni mwanangu, aliyekuwa mikononi mwa mwenyekiti wa maafa. Watu walikusifu msibani, nilisikia kwa masikio yangu: kamati imeokoa kijiji. Mchungaji alikutaja jina. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya jeneza la mtoto wa miaka tisa.

Ulimbeba Mama mgongoni, ukamwacha mtoto atangulie peke yake. Hilo umelisema mwenyewe. Mtu mzee aliyekula chumvi yake yote ukambeba, na mtoto ukamwachia ukungu.

Nina maswali matatu. Kwa nini hukumshika mkono? Kwa nini alikuwa amevaa viatu vya Pasaka, wakati niliagiza asivivae? Na nani alimwambia apite upande wa korongo?

Nijibu. Na hiyo kamati yako isikanyage tena kihamba changu.

Elimringi

*

Nyumbani, Machame
6 Julai 2025

Elimringi,

Marahaba. Mama hali yake imebadilika. Mchana anajua kila kitu, ananiuliza hata bei ya maziwa. Mvua ikianza kugonga bati anauliza, "Pamela amerudi?" Siku za mwanzo nilimdanganya, nikasema yuko shuleni, akawa anasimama mlangoni na mwavuli. Sasa namwambia ukweli. Namwambia amekufa, Mama, tulimzika hapo nyuma, na yeye analia kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ni mara ya kwanza. Kisha mvua inakatika, anasahau. Wewe uko Holili kwenye vumbi. Mimi namzika mwanao kila inaponyesha.

Maswali yako nimeyasoma. La kwanza: Mama hawezi kukimbia kwa magoti yale, na mikono yangu ni miwili, yote ilikuwa nyuma imeshika miguu yake. La pili na la tatu sitayajibu katika barua hii. Siyo kwamba sina jibu.

Ulitoka msibani kabla ya chakula. Watu waliona. Hukwenda kutazama alipoangukia, wakati kila baba angekwenda. Ulisimama ukiwa umeipa mgongo njia ile, mpaka gari lako likawashwa. Mimi nilikutazama.

Kuna binti anaitwa Yuditha, mshauri wa nasaha, anatoka Moshi mjini kila Alhamisi, anakaa nasi kwenye ukumbi wa kanisa. Wanaokuja ni wanawake, na wanaume wawili wanaokaa karibu na mlango. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya kulialia. Lakini ametuambia jambo la maana: mvua ikianza, mtu asikae peke yake. Tumepangana. Wengine hawawezi kusikia bati, wengine hawawezi kusikia kengele, hata ya Jumapili. Mimi nimepangiwa Kornelia. Wingu likitanda anaacha ndizi zake anakuja, tunakaa na Mama mpaka mvua ikatike.

Sasa sikiliza. Masale yako bado pale ukingoni. Kipande cha kona kilikwenda na tope, yaliyobaki yamestawi. Kikao cha ukoo hakikukaa kwa sababu ya msiba, na sasa hakuna mwenye uso wa kumwita baba aliyefiwa aje kujadili mpaka. Kila mtu anasubiri wewe useme. Mvua za vuli zinakuja Oktoba. Watoto wa hapa wamebaki hai, na mikono yao bado inakumbuka.

Njoo. Au mstari ule ule. Siombi kingine, wala sikuombi uniambie neno lolote.

Winfrida

*

Holili
7 Septemba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Victoria ameondoka, amerudi kwao Rombo. Kabla ya kuondoka aliniuliza wale watu wa Himo walitumwa kufanya nini mwezi wa pili. Alinisikia nikiwapigia simu. Nikamwambia ni mambo ya mipaka, hayamhusu. Akaniangalia sana, akafunga begi.

Silali nyumbani. Nalala kwenye lori la mtu ninayemjua, kwenye maegesho, kwa sababu lina turubai na mvua ikinyesha haipigi kelele ya bati. Hapa hainyeshi, lakini naisikia. Nikifumba macho nauona mkono. Siyo uso, mkono tu. Usinitumie huyo Yuditha wako wala watu wake wa kukaa duara. Sitakaa mbele ya wanawake nikaulizwa ninajisikiaje.

Kornelia atakuletea isale. Nimelikata Himo kwa mzee mmoja, nimelifunga vizuri. Wewe unajua mila kuliko mimi: aliyepelekewa isale hakatai, hata kama ameuliwa mtu wake. Nakuomba ulipokee. Sitaandika ni la nini. Unajua.

Kuhusu mstari, siwezi. Nikiandika yarudishwe nitakuwa nimeandika yalitolewa, na nani aliyatoa. Victoria ana kaka zake. Ukoo utakaa, nitasimamishwa katikati yao. Wakikuuliza, sema ni tope liliharibu njia. Mtoto hafufuki kwa mimi kuaibika. Naomba liishe kati yangu na wewe, dada yangu, tumbo moja.

Mdogo wako,
Elimringi

*

Nyumbani, Machame
12 Oktoba 2025

Elimringi,

Marahaba. Mama anakusalimu, leo hakuna wingu. Ndama Holili amekua, anapiga teke.

Isale lako limefika. Lilikuwa limelala chini ya mikungu ya ndizi, limefungwa gazeti, limenyauka. Baba angekuwepo angekufundisha kwamba isale halitumwi kama mzigo wa forodha. Mtu analileta, anasimama, anasema mbele ya watu alichokosa, ndipo anaponyoosha mkono. Lakini umesema kweli, halikataliwi. Sikulikataa.

Nikujibu sasa maswali yako, maana nilikuahidi kwamba majibu ninayo.

Viatu. Kamati ilimfundisha kila mtoto kwamba kengele ikilia achukue kitu kimoja tu anachokithamini, kisha atoke. Esther wa Kornelia alichukua daftari. Mtoto wa jirani wa chini alichukua kuku. Pamela alichukua viatu vyako. Mikono alitakiwa aiache wazi, kwa hiyo akavivaa.

Na njia. Nilipotoka na Mama mgongoni nilimwona Pamela mlangoni na Esther, kisha ukungu ukawameza. Niliita. Mlio wa lile tope ulikuwa umeshafika, sikuisikia hata sauti yangu. Mimi na Mama tulipitia kwenye kahawa, miguu yangu inaijua bila alama. Mengine nimeambiwa na Esther, na amekuwa akinieleza kwa maneno yale yale tangu siku ile, Yuditha akiwa amemshika bega. Anasema Pamela alipapasa mlangoni akashika isale la kwanza. Akasema, "Shangazi alikataza." Wakasimama. Kengele ikazidi. Walikuwa hawaoni kitu, hawajui kahawa iko wapi, kitu pekee walichokuwa nacho ni lile jani. Pamela akasema, "Lakini ni ya baba." Akashika la pili. Ndala ya Esther ikanasa kwenye tope, akainama kuivuta, na Pamela akaendelea mbele, akawa anamwita kutoka ndani ya ukungu: "Yapo, Esther, nimeyashika, njoo." Aliita hivyo mpaka kwenye kona.

Hakuna aliyemwambia apite pale. Alifuata ulichopanda.

Ulitaka liishe kati yetu. Victoria alikuja mwezi uliopita kuona kaburi, akalala hapa siku kadhaa. Asubuhi moja Esther alikaa naye barazani akamweleza, kama nilivyokueleza sasa. Mimi nilikuwa namenya ndizi za mtori. Ningeweza kumwita Esther aje anisaidie. Sikumwita.

Habari nyingine ni hizi. Alhamisi iliyopita tulikuwa ukumbini, na tone la kwanza la vuli likagonga bati. Watu wakaanza kusogeleana, kama tulivyopangana. Kornelia akasimama, akatoka nje bila kuaga, tukamkuta kihambani na jembe. Yeye ndiye aliyeng'oa isale la kwanza. Alisema kama kuna laana na ianze na yeye, maana binti yake yuko hai na hajui amshukuru nani. Nikang'oa la pili. Baada ya hapo wakaja wote, hata wale wanaume wawili wa karibu na mlango. Hatukuwa na mstari wako wala kikao. Mzee Eliakim aliletewa habari, akageuza kiti chake kikatazama mlima, akakaa hivyo mpaka tulipomaliza. Keshokutwa atatutoza pombe ya mbege na mbuzi, nami nitatoa.

Sasa masale yamerudi njiani, kutoka mlangoni, ndani ya kahawa, hadi kanisani. Jana watoto wamefanya mazoezi. Esther hafumbi macho, na hatumlazimishi. Na hakuna anayeniambia tena nyumba ya nyuma ni ya nani. Ukitaka kuja kunitoa, uje, utanikuta.

Limebaki la kwako. Mama alitaka tulipande kaburini kwa mtoto, nikamkatalia. Wanawake walitaka liwe la kwanza mlangoni, liguswe na kila mtoto anayepita, ili nawe upate baraka. Hilo nalo nikakataa. Nililichukua mwenyewe nikaenda nalo kule ulikokataa kwenda siku ya msiba. Nimelipanda kwenye kona, ukingoni kabisa, peke yake, pale yalipokuwa ya mpaka wako. Nimelimwagilia, limeshika.

Siku utakayokuja kumwona mwanao, ukikuta ukungu umeshuka, usimuulize mtu njia. Shika isale.

Dada yako,
Winfrida